Mchanga wa Kutayamamu

Haya alinisimulia mke wa Dekow mwaka wa tisini na sita, tukiwa kwenye foleni ya maji.

Kwenye kambi ya kutafuta mafuta, njia ya Liboi, chombo chenye unga wa mionzi wa kupimia visima kilipasuka asubuhi. Dekow, kibarua, hakuambiwa. Adhuhuri ikafika, maji ya udhu hakuna, akatayamamu kwa mchanga wa palepale, usoni na mikononi.

Msimamizi akaja mbio na kipimo cha mionzi. Kilipomkaribia Dekow kikalia kama panzi wa porini.

“Usijiguse! Vua kila kitu!”

“Wallahi bosi, ni mchanga tu!”

Sasa maji yakapatikana. Wakamsugua mpaka ngozi ikawaka, na viganjani kipimo bado kinalia.

Nyumbani binti yake akamkimbilia. “Aabo!”

“Simama hapo hapo, mwanangu! Usinishike!”

Mtoto akalia mpaka akalala. Dekow akakaa nje ya ua, viganja vikitazama juu kama mwenye kuomba dua, hadi usingizi ukamchukua vile vile.