Wapangaji wa Kinywa cha Kiboko

Zamani za viboko wa kwanza, heshima ilipimwa kwa miayo: aliyeachama kwa kutisha kuliko wenzake ndiye bwana wa bwawa. Kiboko mmoja, mwenye majivuno yasiyo na kifani, alikereka na ningu, wale visamaki waliokuwa wakimdonoadonoa fizi mchana kutwa.

"Wapangaji gani hawa! Wanakula kwangu, shukrani hawana!" alifoka. Akatafuna majani ya utupa, yale ya kulevya samaki, na ningu wote wakatimka.

Kinywa kikatulia. Hata fizi zilipovimba na kuvuja damu, Kiboko hakujali. Siku kiboko jirani alipokuja kumchokoza, aliachama mbele ya bwawa zima. Lahaula! Jino lake kubwa likang'oka lenyewe, likatumbukia majini, chubwi!

Jirani alisahau ugomvi. Kiboko naye aliduwaa, asiweze hata kufumba kinywa, kwa kuwa fizi zote zilikuwa zimejaa ruba walionona kwa damu yake.

"Hawa wametoka wapi?" aliuliza.

"Walikuwapo siku zote," ningu mmoja akajibu kwa mbali. "Ulijua tunakula kwako, bwana. Hukuuliza tunakula nini."

Kiboko akasukutua utupa wote, akawaangukia, nao wakarudi. Ufizi ukaota upya polepole, jino halikuota. Basi ukimkuta kiboko ameachama, usidhani anatisha mtu. Anawakaribisha wapangaji mezani.