Doa Jeupe Kwenye Koili ya Tatu

Merle Stroud aliinua boneti, akaona doa jeupe juu ya koili ya tatu, ile inayoipa plagi umeme, akaishusha boneti taratibu kama mtu aliyefunua shuka akakuta nyoka.

"Umesema plagi ulibadilisha mwenyewe?"

"Jumamosi, mbele ya nyumba. Zote sita," alijibu mwenye gari, mtu mwembamba aliyejitambulisha kwa jina la Vahan Tufenkian, mwalimu wa hesabu. "Jumapili nikaingia barabara kuu, taa ya injini ikaanza kukonyeza. Gari linatetemeka kama mbwa aliyetoka majini."

"Ingewaka tu bila kukonyeza, ungeweza kusubiri. Ikikonyeza, ujue kuna silinda haichomi, petroli mbichi inakwenda kwenye ekzosti."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema mwalimu, akatabasamu.

Merle hakulipenda lile tabasamu. Wala viatu. Mtu anayejitengenezea gari lake, viatu vinang'aa hivyo?

Mafundi wote wa mji wa Fresno walijua mchezo huo. Ofisi ya leseni huchukua gari zima, ikaliharibu kidogo, ikatia rangi kwenye vipuri, kisha ikamtuma mtu mwenye uso wa kondoo. Ukimbadilishia kisichohitaji kubadilishwa, ile rangi kwenye kipuri ulichokitoa inakusuta. Miaka miwili nyuma Merle alinaswa hivyo hivyo. Walimwachia kwa onyo: kosa moja tena, leseni inakwenda, na gereji iliyofunguliwa na babu yake inafungwa.

Alikwenda nyuma, alikokuwa Ofelia Barragan, fundi mwenye mvi aliyemwajiri Aprili, ameinamia gari la kijani la mteja mwingine, Bibi Haskins.

"Tuna mgeni," alimnong'oneza. "Mkaguzi."

"Umejuaje, bosi? Kavaa kofia imeandikwa?"

"Cheka tu. Ana doa la rangi kwenye koili. Hao ndio wao."

"Kumbe. Na wasio na doa?"

"Wasio na doa ndio wanaotulisha, mama."

Ofelia akatikisa kichwa. "Wewe una macho, bosi. Mimi ningepita palepale nisione kitu."

"Utajifunza. Umri si hoja."

Merle akarudi mbele, akafanya kazi kama kijana anayetahiniwa. Alichomeka mashine ya kusomea hitilafu, akamgeuzia mwalimu kioo asome mwenyewe: silinda ya tatu haichomi. Akaihamisha koili ya tatu akaiweka kwenye silinda ya tano, na ya tano akaileta kwenye ya tatu. Kama ugonjwa ulikuwa wa koili, ungehama nayo. Akawasha injini. Ikatetemeka vilevile, na mashine ikarudia: silinda ya tatu.

"Basi koili yako nzima," alisema kwa sauti, ili kama kuna kinasa sauti mfukoni kisikose neno. "Sikuuzii koili."

Akafungua plagi ya tatu, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kwenye kaure yake nyeupe palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hii uliiangusha?"

Mwalimu akaona haya. "Ilinitoka mkononi, ikapiga saruji. Nikaifuta, nikairudisha."

"Plagi ikianguka ni ya kutupa, mwalimu. Haifutwi."

Merle akafunga mpya, akawasha. Injini ikatulia kimya kama paka aliyeshiba. Akaandika stakabadhi: plagi moja, nusu saa ya kazi. Akamkabidhi ile mbovu ndani ya karatasi, kama sheria inavyotaka. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni, na halikuwa la joto.

"Wallahi nilidhani utaniuzia nusu ya gari," alisema mwalimu akiingia garini.

Hapo Merle akashindwa kujizuia. "Na lile doa jeupe, ni la nini?"

"Aa, lile!" Mwalimu akacheka. "Duka la vipuri walinisomea bure, wakaniambia silinda ya tatu. Nikataka kuihamisha koili kama ulivyofanya wewe. Nikaitia rangi ya kucha ya mke wangu, isinipotee katikati ya wenzake. Halafu nikaogopa kuigusa."

"Rangi ya kucha."

"Ya harusi ya dada yake. Leo mchana ndiyo harusi yenyewe, nachelewa!"

Gari likaondoka laini. Merle akasimama mlangoni, akihesabu alichokiacha kiende zake: koili sita, kichujio cha moshi, siku nzima ya kazi. Kwa ajili ya mwalimu wa hesabu! Akarudi nyuma akipiga teke kila kopo alilolikuta.

"Hakuwa mkaguzi," alisema.

"Pole, bosi."

"La bibi limefikia wapi?"

"Nalo taa ilikuwa inakonyeza. Mkwewe alimbadilishia plagi jana, akasahau kubana soketi ya waya wa koili ya pili. Ni kuisukuma tu mpaka ilie, anaondoka."

Merle aliinama ndani ya injini, akaimulika koili moja moja kwa tochi. Hakukuwa na doa. Alichungulia kule mbele, akamwona Bibi Haskins akijipepea kwa gazeti, mkoba magotini.

"Usiisukume," alisema. "Mwambie koili zote sita zimeungua, na kichujio cha moshi kimekwenda nazo. Kesho asubuhi ndipo uibane."

"Koili zote sita. Ilhali hakuna iliyoungua?"

"Ndiyo, mama! Unataka nikuimbie?"

"Hapana, nimesikia vizuri." Ofelia akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, akafungua zipu ya ovaroli, akatoa kitambulisho chenye muhuri wa jimbo. "Mwaka huu ofisi iliacha kutuma magari, Bwana Stroud. Inatuma mafundi."