Dirisha la Baba

"Ukipiga simu hiyo, nakuvunja mkono," nilimwambia kaka yangu Fiachra. Baba alishakataa hospitali. Alitaka kufia kitandani kwake, na nesi alikuwa amemfungia pampu ya morfini ya kumtuliza maumivu.

"Muuaji mkubwa wewe!" Fiachra akapiga namba ya ambulensi.

Nikamvamia. Akanigonga pua kwa kichwa, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, kiwiko chake kikapasua dirisha. Damu ikaruka hadi kwenye shuka la Baba. Upepo ukaingia.

Kwetu dirisha hufunguliwa mtu akishakufa, ili roho ipate njia.

Baba akafumbua macho. "Mna haraka gani, washenzi nyie? Bado sijafa."

Fiachra akakata simu.

"Lakini hilo dirisha msilizibe," Baba akasema.