Ahadi za Nungunungu

Kaeni vizuri, hii ni habari ya Nungunungu na shimo lake.

Nungunungu alikuwa hawezi kukataa mtu. Kila aliyeomba pa kujificha mvua ikija, alimjibu, "Nafasi ipo, karibu." Akaahidi wanyama ishirini, wakubwa kwa watoto, na shimo ni la kutosha kumi tu. Hakuogopa, maana kila mwaka waombaji ni wengi, wanaokuja wachache.

Mwaka ule mvua ikapiga kweli, wakaja wote. Shimo likajaa hadi pumzi zikawakatika.

"Mjomba, tunakufa humu!" Nguchiro akapiga kelele. "Na hiyo miiba yako ndiyo inatumaliza!"

Nungunungu akaona lazima mmoja atoke. Akatafuta aliyechukua nafasi kubwa, akamwona Muhanga, mnene kama gunia.

"Shemeji, toka wewe. Umekaa nafasi ya wanyama sita."

Muhanga akatoka, hakugombana.

Wakapumua. Mara ukuta ukaporomoka, maji yakaingia. Wakatazamana. Mwenye kucha za kuchimba ndiye waliyemtoa.

Wakakimbia nje, wamelowa. Kilimani wakamkuta Muhanga anachimba shimo jipya.

Nungunungu akauliza kwa aibu, "Shemeji, nafasi ipo?"

Muhanga akaingia, akapima, akatoka. "Ya wanne. Watoto waingie. Nyie wengine toeni udongo, halafu mniulize tena."

Nungunungu akainama, akaanza kuzoa.

"Mjomba," Nguchiro akanong'ona, "mimi yangu ipo, eti?"

Nungunungu akafungua mdomo kusema ipo. Akalitazama shimo kwanza.

"Bado," akasema. "Shika udongo."