Mzunguko wa Pili

Tapkigen alimaliza kuuzunguka ukingo wa korongo saa saba, akanywa maji, kisha akaitoa bangili ya mumewe ndani ya soksi na kuivaa. Akaanza upya.

Sheria ilikuwa moja: kila aliyetimiza miaka sitini auzunguke ukingo ule mara moja kwa mwaka, kilomita nane, kabla lango halijafungwa saa kumi na moja. Aliyeshindwa alipelekwa Makao, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka Makao. Mumewe, Kimosop, hata chooni alipelekwa kwa kushikiliwa. Moyo wake uliishi kwa vidonge vya serikali. Lakini lango lilisoma bangili, halikusoma sura.

Magoti yalimwaka moto. Aliteleza kwenye changarawe, korongo limeachama chini yake, akang'ang'ania kichaka cha miiba hadi akasimama tena. Jua lilikuwa limeshainama. Potelea mbali, akatimua mbio.

Alilikuta lango wazi.

"Hongera, Mzee Kimosop," lango likasema. "Mwaka huu umekimbia. Moyo wako umepona. Vidonge vyako vimesitishwa kuanzia leo."

Nyumbani, Kimosop aliinua kichwa kitandani. "Mama Jeptoo, nimepita?"

"Umepita, Baba Jeptoo. Tena wamekusifu."

Mzee akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. Tapkigen akaingia jikoni, akamimina vidonge vilivyobaki mezani. Vilikuwa vitatu. Akachukua kisu, akaanza kuvikata nusu nusu.