Mianzi ya Namsifu

Namsifu aliipanda mianzi mpakani ili asiuone uso wa wifi yake, Nakiete, kila anapofungua dirisha. Mumewe alimkataza. Alisema mmea ule hauna adabu, utatambaa chini kwa chini mpaka mvunguni mwa kitanda. Namsifu akapanda hivyo hivyo.

Sasa mumewe amelala uani, chini ya saruji, na asubuhi hii Nakiete ndiye aliyekuja kumwita akaone.

Chipukizi lilikuwa limepasua kaburi katikati, mahali pa kifua. Lilikuwa nene kama mkono wa mtoto, limeota vinyweleo, linatoa majimaji. 

"Limenenepa," alisema Nakiete. "Unajua limekula nini?"

"Nyamaza, wifi!"

"Likate basi. Si lako?"

Namsifu aliinua panga, akalishusha bila kukata. Angepigaje pale kifuani? Akalitupa, akalishika chipukizi kwa mikono miwili, la baridi, linateleza, akavuta huku amefumba macho.

Halikung'oka. Saruji ndiyo iliyoinuka, polepole, kama kifuniko cha sufuria.