Mgonjwa wa Kuigiza

Mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango alimshika mkono mama aliyechungulia ndani na kumkalisha kwenye kiti cha mgonjwa, katikati ya duara. "Karibu mama, tulikuwa tunakusubiri wewe tu." Yule mama alifungua mdomo aseme neno, akamwona Mwenyekiti wa kikundi, akaufunga.

Mwenyekiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa kuongoza kikundi wiki ile tu, ila jina lilikwisha kumganda. Na huyu aliyeketi mbele yake, na kandambili zake na mkoba uliofungwa kamba, alikuwa mama yake mzazi.

Chuo kile cha udaktari hakikuwa na mambo ya kunakili ubaoni. Kila Jumatatu kikundi kililetewa mgonjwa wa kuigiza, mtu wa mtaani aliyekaririshwa na ofisi ugonjwa ambao hata mwalimu hakuambiwa, nao wakamhoji mpaka waujue. Juzi mama alikuwa amempigia simu, akasema kwa kusitasita kwamba angefika chuoni, ana jambo. Kumbe ndilo hili, aliwaza Mwenyekiti, amepata kibarua hapa! Naye wenzake alikwisha kuwadanganya kwamba mama yake ni mkuu wa shule.

Bahati yake, mwanamke yeyote mtu mzima huitwa mama. Akakohoa kidogo. "Mama, unasumbuliwa na nini?"

Mama alimkazia macho kwa kitambo. Kisha akaelewa, akayashusha.

"Chakula hakipiti, daktari. Kinakwama hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Mwanzo ilikuwa nyama. Sasa hata uji napigana nao."

Kalamu zilikimbia. "Huyu mama ni moto wa kuotea mbali," alinong'ona Kasuku, binti aliyekaa kushoto kwake, ambaye hakuwahi kunyamaza darasani. Mwenyekiti hakushangaa. Nyumbani mama alikuwa akiwaiga majirani mpaka mbavu zikamuuma mwanawe kwa kucheka. Leo hata gauni alikuwa amelichagua kwa hila, pana kupita kiasi, linampwaya mabegani ili aonekane amekonda.

"Una mtu wa kukuangalia?" Kasuku aliuliza.

"Nina mwanangu mmoja."

"Anajua kwamba unaumwa?"

"Ana masomo mengi, sikutaka kumchanganya. Nilitaka nimwambie uso kwa uso."

Aibu ilimpanda Mwenyekiti mpaka masikio yakawaka moto. Mama anamsema mbele za watu! Akaharakisha maswali, hakumtazama tena.

Wanafunzi walibishana, wakafuta, wakaandika upya, mpaka wakakubaliana: saratani ya njia ya chakula, na imekwisha kukomaa. Mwalimu wao, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kuwaacha wahangaike, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri. Sasa Mwenyekiti, mwambie mgonjwa."

Angeweza kusema pale pale: huyu ni mama yangu, naomba mwingine anipokee. Sentensi fupi tu. Lakini alichotaka ni jambo liishe, mama achukue ujira wake aende zake kabla Kasuku hajagundua kwamba pua zao ni moja. Alijiona mtu duni kwa kuwaza hivyo, na bado akaendelea kuwaza hivyo hivyo.

"Mama," alisema kwa sauti ya kitabuni, "tunadhani ni saratani. Umechelewa sana kuja. Siwezi kukuahidi kupona. Tutakachofanya ni kukupunguzia maumivu."

Chozi lilimtoka mama, likateremka mpaka kidevuni, na jingine likalifuata. Hakuyafuta. Kikundi kizima kilipiga makofi, na Kasuku akasimama kabisa.

Mama alishika mgongo wa kiti, akainuka taratibu. "Ahsante, daktari," alisema. "Umenieleza vizuri."

Mwenyekiti alijifanya anapanga vitabu vyake.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mwanamke mnene aliingia akihema, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni.

"Jamani, mnisamehe kwa kuchelewa," alisema. "Leo wamenipa niigize kisukari. Nikae wapi?"